Hakuna Aliye Chini ya Wastani

Mwalimu Severa Mlay hana dogo. Ukitaka kumwona amepandwa na mori, huna haja ya kumtukana wala kumkanyaga mguu. Mwambie tu kwamba molekuli zote za gesi zinaenda kwa kasi moja. Siku moja pale Mtaa wa Kongo alisimama mbele ya meza ya kijana anayeuza vijitabu vya maswali na majibu, akafungua cha fizikia, akaikuta sentensi hiyo hiyo, akakifunga kwa kishindo mpaka muuza mikanda wa meza ya jirani akageuka kutazama kuna nini.

"Hiki ndicho unawauzia watoto wa watu?"

"Mama yangu, mimi nauza tu. Sikuandika mimi."

"Na ungekuwa unauza samaki waliooza ungesema hukuvua wewe?"

Kijana alicheka, na waliokuwa karibu wakacheka. Severa hakucheka. Alikinunua kile kijitabu, akatoa kalamu nyekundu kwenye pochi, akalikata lile neno "moja" palepale juu ya meza, juu yake akaandika "mbalimbali", kisha akakirudisha kwenye rundo. "Sasa uza," alisema, akaondoka zake. Kijana alibaki ameduwaa, ana kijitabu kilicholipiwa na hajui amuuzie nani.

Ndivyo alivyo. Wanaomjua wanasema ana kichwa kigumu. Yeye anasema ana kichwa, basi. Alizaliwa Rombo, akaja Dar es Salaam akiwa mwalimu mgeni mwenye sanduku la bati, akafundisha fizikia katika shule za serikali mpaka mvi zikamjaa. Mumewe alifariki zamani. Mwanawe wa pekee, Allan, anafanya kazi Mwanza na kila akipiga simu anamwambia, "Mama, pumzika sasa." Apumzike afanye nini? Vyumba vyake viko Mtaa wa Sikukuu, juu ya duka la vitenge, na kukaa dirishani kutazama watu wanavyopatana bei kulimshinda mapema sana. Ndipo akachukua kazi kwenye shule ya ghorofani.

Shule hiyo ina jina lake refu, lakini mtaani wote wanaiita ya ghorofani, kwa sababu chini ni maduka ya marumaru na masinki, madarasa yako juu. Maduka ni ya Beno Shayo na shule ni ya Beno Shayo. Alianza na marumaru, akaona wazazi wanavyohangaika kutafuta shule, akapandisha madawati juu. Walimu wanamwita Mkurugenzi. Kwa Severa ni mtu wa nyumbani, wametoka mteremko uleule wa mlima, ndiyo maana Beno humwita Mama Allan, na ndiyo maana hasira za Severa kwake huwa mara mbili ya zile ambazo angempa mtu baki.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinafanyika pale. Kila mwanzo wa mwaka shule inatoa mtihani wa kufungulia. Unatafutwa wastani wa darasa la kidato cha nne, na aliye chini ya wastani anaambiwa ahame kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa kusajiliwa. Wanaita mchujo. Mtoto wa mtu, aliyesoma pale tangu kidato cha kwanza, anaitwa ofisini, anapewa mkono, anaambiwa akatafute kituo kingine cha kufanyia mtihani wa taifa, eti anaishusha shule. Halafu nje linatundikwa bango la kusifu ufaulu. Kha! Unatimua wagonjwa wote mlangoni halafu unatangaza zahanati yako haina mgonjwa!

Mwaka huo Beno akatangaza kwamba mchujo utakuwa wa fizikia peke yake, kwa kuwa fizikia ndiyo inayoburuza jina la shule chini. Na fizikia ni somo la Severa. Kwa hiyo kisu kilikuwa cha Beno, lakini mkono wa kukishika ulikuwa wa kwake, na jambo hilo lilimkera mpaka chakula kikamshinda.

Tena kulikuwa na Sitara.

Sitara alikuwa binti wa Nasreen, yule mama anayeuza udi na manukato ya kupima kwenye kichupa, duka dogo la kona ambalo unalinusa kabla hujaliona. Msichana mrefu, mkimya, mwandishi wa polepole. Ukimuuliza swali anaangalia dari, anafikiri, na kabla hajafungua mdomo wenzake wameshajibu na kipindi kimeshasonga mbele. Darasani walimpa jina la Foleni. Hata baadhi ya walimu walimwita hivyo, watu wazima na akili zao! Na kila mmoja pale alijua kwamba mchujo ukipita, Foleni ni wa kwanza kuondoka.

Siku chache kabla ya ule mtihani, Severa alikuwa amefika kwenye mada ya mwendo wa molekuli. Ubaoni aliandika Kiingereza kama utaratibu unavyotaka, mdomoni akafundisha kwa Kiswahili ili watu waelewe. Alimwomba Sitara alete kichupa cha manukato kutoka kwa mama yake, yale makali. Akaamuru feni izimwe na madirisha yafungwe.

"Mwalimu, tutakufa na joto!"

"Hamfi. Kaeni kimya, msipepee hata daftari. Ukisikia harufu, nyoosha mkono."

Akakifungua kichupa pembeni mwa meza yake, akarudi nyuma. Darasa likatulia, jasho linatiririka. Mkono wa kwanza ukanyooka mbele, ndiyo, lakini wa pili ukatoka nyuma karibu na mlango, wakati wawili wa katikati bado wanavuta pua kama watoto wenye mafua. Wakaanza kucheka. Mikono ikaendelea kuchomoza mmoja mmoja, huku na kule.

"Mmeona?" Severa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi. "Zote zimetoka kichupa kimoja, kwenye joto moja. Nyingine tayari ziko mlangoni, nyingine bado zinazubaa mezani kwangu. Sasa anayekwambia zinaenda kwa kasi moja, mwambie akanuse tena."

Akachora ubaoni ule mchoro ambao angeweza kuuchora akiwa usingizini: mstari unaoanzia chini kabisa, unapanda na kufanya nundu, halafu unashuka taratibu na kuacha mkia mrefu upande wa kulia. Upande huu, akaeleza, ni zile chache zinazojikokota. Kwenye nundu ndipo penye nyingi zaidi. Huku mkiani ni chache zinazoenda kwa kasi ya ajabu. Hata hewa mnayovuta sasa hivi, nyingi ya molekuli zake zinaipita ndege ya abiria kwa mbio, ila hazifiki mbali, kila zikienda zinagongana. Ukiongeza joto, nundu inasogea kulia na kulala kidogo, lakini umbo linabaki hilo hilo. Wa polepole wapo siku zote. Wa mbio wapo siku zote.

Ndipo Sitara akanyoosha mkono. Darasa likaguna, maana swali la Sitara lilikuwa na tabia ya kula kipindi.

"Mwalimu," alisema, akaangalia dari, na Severa akawazima wenzake kwa jicho. "Ile iliyofika mlangoni kwanza... ndiyo yenye mbio siku zote? Na ile iliyobaki mezani, ndiyo hivyo tena, itakuwa polepole mpaka mwisho?"

Miaka yote hiyo ya kufundisha, watoto walikuwa wanauliza nundu iko wapi na swali linaletwaje kwenye mtihani. Hakuna aliyewahi kuiulizia molekuli moja hatima yake.

"Fungueni madirisha," alisema. "Wote huku."

Wakasongamana dirishani. Chini yao kulikuwa na Kariakoo ya mchana: wabeba mizigo, wachuuzi, bajaji, mikokoteni, wanawake na mifuko, watu wanapigana vikumbo na kuombana radhi na kutoombana.

"Kila mtu achague mtu mmoja. Mmoja tu. Mfuate kwa macho, usimwache."

Seifu, aliyekuwa wa kwanza darasani kwa kila kitu, alimchagua mpagazi mwenye magodoro kichwani aliyekuwa anakimbia na kupiga kelele watu wapishe. "Huyu wangu moto, mwalimu!" Haikuchukua muda mpagazi akafika nyuma ya mkokoteni wa vyuma, akasimama kabisa, akatukana. Sitara alikuwa amemchagua mzee mwenye bakora aliyekwama pembeni mwa genge la nazi. Mkokoteni ulipogeuka, ukaacha uwazi, na yule mzee akachomoka kupitia uwazi huo kwa kasi ambayo hata yeye mwenyewe pengine hakuitegemea, akampita mpagazi wa Seifu, akapotea kona. Darasa likapiga makofi.

"Mtaa umebadilika?" Severa aliuliza.

"Haujabadilika!"

"Bado kuna waliokwama na wanaokimbia?"

"Wapo!"

"Na watu wenu?"

"Wamebadilika wote."

"Haya. Sitara, umejibiwa. Zinagongana, hii inaipa mbio ile, nyingine inanyang'anywa. Hakuna molekuli ya polepole. Kuna iliyo polepole sasa hivi."

"Sasa hivi tu," alisema Sitara, akimfikiria mzee wake wa bakora.

Tangu siku hiyo mchezo ule haukuwatoka. Kipindi kikichelewa kuanza utawakuta dirishani, wanachagua watu na kushindana.

Mtihani ukafanyika, Severa akasahihisha, na Beno akaitisha kikao. Asubuhi yake Nasreen alimsubiri Severa mlangoni mwa duka lake, mikono inanuka udi, macho mekundu.

"Mwalimu, shikamoo. Niambie ukweli, mwanangu wanamtoa?"

"Marahaba, mama. Bado hawajamtoa mtu."

"Nimelea mtoto huyu peke yangu kwa vichupa hivi. Wakimtoa sasa, shule gani itampokea mwezi huu? Atakaa nyumbani, na akikaa nyumbani najua mwisho wake, wajomba zake watamtafutia mume. Ndiyo hayo wanayoyangoja."

Severa alipanda ngazi za shule moto unamwaka kifuani.

Ofisi ya Beno ilikuwa na marumaru za kung'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Alikuwepo yeye, alikuwepo Mwalimu Shomari wa taaluma, mtu mwema anayeogopa kivuli chake, na Severa. Beno alianza bila salamu.

"Mama Allan, nina swali. Mwaka jana niliwaondoa wote walio chini ya wastani. Wote! Wamebaki wazuri watupu. Shomari ananiambia mwaka huu tena kuna walio chini ya wastani. Wametoka wapi? Nyie walimu mnafanya nini huko juu?"

Severa alimtazama akidhani ni utani. Haukuwa utani. Mtu huyu, mwenye maduka na shule, alikuwa amekasirika kwa dhati.

"Beno," alisema, na Shomari akashtuka kusikia jina tupu, "wale wa mwaka jana wameshamaliza shule, hawa ni darasa jingine. Na hata wangekuwa walewale, wastani unatoka kwao wenyewe. Ukiwaondoa wa chini, waliobaki nao wana wastani wao, na kuna watakaokuwa chini yake. Hata ukibaki na wawili, labda wafanane kabisa, mmoja atakuwa juu na mwenzake chini. Utamtoa na huyo? Utabaki na nani, mlinzi?"

"Nataka darasa ambalo hakuna aliye chini ya wastani."

"Hakuna kitu kama hicho! Hata hewa iliyomo humu ofisini kwako haiko hivyo. Ukitoa molekuli zote za polepole ukaziba mlango, zilizobaki zitagongana na mara moja utazikuta tena za polepole. Ndivyo Mungu alivyoumba vitu. Na yule unayemwona polepole leo siye atakayekuwa polepole kesho. Utawafukuza watoto mpaka lini kwa kosa la kuwa wengi?"

"Mama Allan, usinihubirie. Wiki hii wazazi wa kidato cha kwanza wanazunguka kutafuta shule. Mzazi anasoma bango, hasomi fizikia. Mimi nataka niandike kwamba hakuna aliye chini ya wastani. Nifanyeje?"

Hapo Severa akachoka. Hasira zikageuka kejeli, zikamtoka kabla hajazishika.

"Wape wote alama moja! Darasa zima, kuanzia Seifu mpaka wa mwisho, alama moja. Hapo hakuna wa chini wala wa juu. Ukitaka ujinga, ufanye ujinga kamili!"

Shomari aliangalia viatu vyake. Halafu Beno akapiga meza kwa kiganja, uso umemchangamka.

"Inawezekana, kumbe? Mbona hukusema tangu mwanzo? Shomari, umesikia? Alama moja, wote. Na mchujo haupo, si hakuna wa kuchujwa! Mtihani wa taifa uko mbali, tutaona hukohuko. Mama Allan, wewe ni bingwa."

Jamani! Severa alitoka ofisini. Alitaka kurudi amwambie ilikuwa kejeli, ewe mtu, kejeli! Akafika ngazini, akasimama. Akiirudisha kauli yake, mchujo unarudi. Mchujo ukirudi, Sitara anakwenda kukaa nyumbani kungoja wajomba. Akakumbatia pochi yake, akateremka, akanyamaza. Hakuna kitu kilichomuuma maisha yake yote kama kule kunyamaza.

Kesho yake bango lilikuwa limeshatundikwa, kutoka ghorofa moja hadi nyingine, rangi ya njano inayoumiza macho. KIDATO CHA NNE FIZIKIA: HAKUNA ALIYE CHINI YA WASTANI. Na chini yake, astaghfirullah kama angesema Nasreen, ilikuwa picha ya Severa mwenyewe. Walikuwa wameitoa kwenye kitambulisho chake na kuivuta mpaka pua ikawa sawa na sahani. Chini ya picha: MWALIMU SEVERA, BINGWA WA WASTANI.

Watu walimpongeza. Muuza maji alimpongeza. Mama mmoja mgeni alimshika mkono akamwomba ampokelee mtoto. Yule kijana wa vijitabu alinyoosha shingo kutoka mezani kwake, akapaza sauti: "Mama, kumbe zinaenda kwa kasi moja!" Severa aliongeza mwendo. Fikiria, mwanamke huyu, aliyepigana na sentensi moja ubaoni na barabarani, sasa sentensi hiyo inaning'inia juu ya mtaa mzima na uso wake umebandikwa kama muhuri.

Sitara alimkuta palepale chini ya bango, amekunja uso.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Msichana akainua macho, akasoma bango lote polepole, kama anavyosoma kila kitu. Akafikiri.

"Mwalimu, gesi ya namna hiyo ipo?"

"Haipo."

"Sasa mbona ipo pale?"

Severa alihisi uso unamchoma. Angeweza kumwambia, nimeiweka kwa ajili yako, mtoto usiye na shukrani. Angeweza kumwambia arudi darasani. Lakini swali lilikuwa swali, na lilikuwa la haki.

"Kwa sababu niliacha ikae," alisema.

"Basi naomba alama yangu. Ya kweli."

"Majina yakishapelekwa, nitakupa. Nitawapa wote."

Majina yakapelekwa. Mwalimu Shomari ndiye aliyemnong'oneza Severa ngazini, huku anageuka nyuma kama mwizi, kwamba yamekwenda yote na hayarudi tena, na kwamba jina la Sitara binti Nasreen lipo, amelisoma kwa macho yake. Severa alimshukuru. Kisha akaingia darasani na kufunga mlango.

"Ile alama moja iliyosomwa kwa wazazi ni uongo," aliwaambia. "Uongo huo nimeuzaa mimi kwa mdomo wangu na sikuukana. Leo kila mmoja anapata chake. Njooni mmoja mmoja."

Wakaja. Wapo walioruka kwa furaha, wapo waliorudi kwenye viti wameshika tama. Seifu alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake, akavimba kichwa. Sitara alikuja wa mwisho.

"Chini ya wastani," Severa alimwambia, bila kumung'unya maneno.

"Chini sana?"

"Siyo sana. Lakini chini. Maswali uliyoyafikia umeyajibu vizuri. Mengine hukuyafikia."

Sitara aliangalia dari. Severa akangoja. Hakumharakisha, na hakumruhusu mtu mwingine kuongea. Mwishowe msichana akavuta kiti karibu na meza.

"Haya. Nionyeshe lile la kwanza ambalo sikulifikia."

Walikuwa katikati ya swali hilo, na wenzao wengine wamesogea kusikiliza, mlango ulipogongwa. Mkurugenzi anamwita Mwalimu Severa, sasa hivi. Kumbe Seifu alipopata alama yake aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akampigia baba yake kumwambia ndiye wa kwanza, na baba amekuja mbio kumuuliza Beno: kama mwanangu ni wa kwanza, bango lako linasema nini? Umemlinganishaje na vilaza? Ona sasa. Watoto walipofukuzwa mwaka jana, hakuna mzazi aliyepanda ngazi zile. Leo mtoto mmoja amekosa kuwa juu ya wenzake, mzazi kapanda anatokwa na povu.

"Unataka kunivunjia shule?" Beno alimjia juu kabla hajakaa. "Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana nini? Nilikukejeli, Beno. Wewe ukaenda kuitundika kejeli yangu barabarani na sura yangu."

"Utarudi darasani sasa hivi uwaambie alama ni moja. Mtoto akijua yuko chini, mzazi atajua. Mzazi akijua, bango limekwisha."

"Sirudi kusema uongo. Sikusema kwa serikali, sikusema kwa marehemu mume wangu, nije kuwaambia watoto kwa ajili ya marumaru?"

"Basi usirudi kabisa. Hata pochi yako utaletewa. Kazi huna."

"Pochi ninayo mkononi," Severa alisema. "Na majina yameshaenda, yote. Huna wa kumchuja. Bango lishushe mwenyewe, na ukilishusha uwaeleze wazazi kwa nini."

Mpaka hivi leo bango lipo, limepauka kwa jua, kwa sababu hakuna namna ya kulishusha bila kuulizwa.

Severa aliteremka ngazi, akapita katikati ya masinki, akatoka nje kwenye jua. Alikuwa amefunga kitenge cha kijani, ana hasira za kutosha kusukuma gari bovu mpaka Posta, na alitaka kwenda haraka, mbali na jengo lile. Hakupiga hata hatua tatu. Mkokoteni wa vigae ulikuwa umekabana na bajaji katikati ya njia, mwenye mkokoteni hataki kurudi nyuma, mwenye bajaji hataki, na watu wamejaa pande zote wanatoa ushauri usioombwa. Akakwama hapo hapo, chini ya picha yake mwenyewe. Pua sawa na sahani. Machozi yakamjia, ya hasira tupu, na hakuwa hata na nafasi ya kuinua mkono kuyafuta.

Juu yake akasikia makelele. Madirisha ya darasa yalikuwa wazi na vichwa vimejazana.

"Wangu ni yule wa kitenge cha kijani!"

"Na mimi yule yule!"

"Hata mimi!"

"Amekwama!" Seifu alipiga kelele. "Mwalimu amekwama!"

Vikafuata vicheko, na baada ya wengine wote kumaliza ikaja sauti moja, imechelewa kama ilivyo kawaida yake, lakini imefika mpaka chini mtaani.

"Sasa hivi tu!"

Severa aliinua uso kuwatazama. Mwalimu ni mwalimu.

"Rudini kwenye viti, nyie! Nani kawaambia kipindi kimeisha?"

Hakuna aliyerudi. Mwenye bajaji akakubali kurudi nyuma, mkokoteni ukasogea, Severa akapita.